Namna ya kupanga kaunti inayokua: mfano wa Lamu, hatua kwa hatua

Mwaka 2009 Kaunti ya Lamu, huko Pwani ya Kenya, ilihesabiwa watu 101,539. Sensa ya 2019 ikakuta watu 143,920. Yaani palipokaa watu watano, miaka kumi baadaye wanakaa saba. Kisima hakipanuki chenyewe, wala wodi ya uzazi haiongezi kitanda kwa kuwa watu wameongezeka. Lazima mtu akae mapema, apige hesabu, kisha ardhi na fedha zitengwe kabla watu hawajafika.

Kazi hiyo nimeifanya kwa miaka mingi katika kaunti za Pwani. Mwongozo huu ni wako wewe unayeanza: afisa mipango mpya, karani wa bunge la kaunti, au mjumbe wa kamati ya wadi anayetaka kujua zile nambari zilizomo kwenye mpango wa miaka mitano zimetoka wapi. Unahitaji kalamu, kikokotoo (hata cha simu kinatosha) na miguu ya kutembea.

Kuhusu sheria, jua haya machache. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti upangaji wa maendeleo, pamoja na chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, zahanati, maji na barabara za kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inadai mpango jumuishi wa miaka mitano, ambao wa sasa ni wa 2023 hadi 2027, na mpango wa matumizi ya ardhi wa miaka kumi. Sheria hiyo hiyo inakataza fedha za umma kutengwa nje ya mpango. Kisichoandikwa kwenye mpango hakipati hata shilingi, na ndiyo maana nambari zako zina uzito.

Hatua ya 1: Anza na sensa, na uisome hadi ndani

Chukua vitabu vya sensa vya Shirika la Taifa la Takwimu. Usitosheke na jumla. Kwa Lamu 2019 utakuta wanaume 76,103 na wanawake 67,813. Wanaume wamezidi kwa zaidi ya 8,000. Watoto wa kike na wa kiume huzaliwa karibu sawa, basi pengo kubwa namna hii linakuambia kuna watu waliokuja kwa ajili ya kazi na kuziacha familia zao kwingine. Hao wanahitaji vyumba vya kupanga kabla ya madarasa. Wake na watoto wakiwafuata, mambo yatageuka, nawe uwe tayari.

Andika pia idadi ya kaya, 37,963, na wastani wa watu kwa kaya, 3.7. Utaitumia nambari hiyo mara nyingi.

Kisha gawanya kwa wadi. Lamu ina wadi kumi, na hazifanani hata kidogo. Basuba ni nchi ya msitu na jamii ya Waboni, Mkomani ni nyumba za mawe zilizoshikana, Hindi ni mashamba yanayopakana na bandari, Faza ni ya wavuvi katika kisiwa cha Pate. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii, katika kaunti nyingine, nilichukua kasi ya ukuaji ya kaunti nzima nikaitandaza sawasawa juu ya kila wadi. Darasa la chekechea likajengwa kijiji ambacho vijana walikuwa wanakihama, na kituo cha biashara kilichojaa watoto hakikupata kitu. Nimelipita lile darasa mara nyingi tangu siku ile. Ndiyo sababu nasisitiza: wastani wa kaunti ni wa kuandika kwenye utangulizi, si wa kugawia rasilimali.

Hatua ya 2: Tenganisha waliozaliwa na waliohamia

Idadi ya watu hubadilika kwa njia nne tu: kuzaliwa, kufa, kuhamia na kuhama. Takwimu za vizazi na vifo utazipata, japo zina mapengo. Uhamiaji ndio mgumu, maana mtu akihama haandiki barua kwa mtu yeyote.

Ipo njia fupi ya kukisia. Chukua kasi ya nchi nzima kana kwamba ndiyo kasi ya uzazi peke yake. Kenya ilitoka watu 38,610,097 mwaka 2009 ikafika 47,564,296 mwaka 2019, sawa na mara 1.232. Lamu ingekua kwa kasi hiyo, ingefika watu 125,000 hivi. Ilifika 143,920. Pengo la karibu 18,800 ndilo kadirio la kwanza la watu walioletwa na uhamiaji, na ni zaidi ya sehemu mbili kwa tano za ongezeko lote la 42,381 ukilipima kwa vidole: kwa kila watu kumi walioongezeka, wanne na kidogo. Kadirio hili ni la kuanzia tu. Uzazi wa Lamu si lazima ulingane na wa taifa, na sensa mbili hazihesabu kwa ukamilifu ule ule. Hata hivyo limekwisha kukuambia jambo kubwa, kwamba huwezi kuipangia Lamu kwa kuangalia uzazi peke yake.

Hatua ya 3: Chora njia tatu, usichore moja

Ongeza watu 42,381 juu ya hesabu ya 2019, na mwaka 2029 unapata 186,301. Hiyo ni njia ya mstari ulionyooka. Sasa chukua kasi badala ya idadi: 143,920 ukigawanya kwa 101,539 ni 1.417, nawe uzidishe 143,920 kwa 1.417, unapata takriban 204,000. Tofauti ya njia hizi mbili ni watu 17,700 hivi, na zote mbili zimetoka kwenye sensa zile zile. Njia ya tatu ni ile ambayo jambo kubwa linatokea, kwa mfano bandari kushika kasi, au usalama kuharibika watu wakaondoka.

Wanasiasa watakuomba nambari moja. Wape tatu, na useme wazi kila moja inategemea nini. Halafu, kwa vitu visivyorudi nyuma kama ardhi na njia za mabomba, panga kwa nambari ya juu. Kwa vitu vinavyoweza kuongezwa kidogo kidogo, kama vyumba vya madarasa, anza na ya chini. Kanuni hii imenifaa kuliko hesabu yoyote ngumu niliyowahi kufundishwa.

Jihadhari na kishawishi kimoja. Mgao wa fedha za kaunti hutazama idadi ya watu, kwa hiyo atapatikana mtu wa kukuambia uongeze. Usikubali. Nambari uliyoiongeza itakurudia kwenye kisima na kwenye dawati.

Hatua ya 4: Fuata ajira, kwa kuwa watu huifuata

Hapa nitakaa kidogo.

Gawanya kazi za kaunti mafungu mawili. Fungu la kwanza ni kazi zinazoleta fedha kutoka nje: samaki wanaouzwa Mombasa, wageni wanaolala Shela, pamba na ufuta wa Mpeketoni, mizigo ya bandari, mishahara ya serikali kuu. Fungu la pili ni kazi zinazowahudumia wale wa kwanza, kama muuza mahamri, fundi cherehani, nahodha wa boti ya abiria na mwenye duka. Fungu la kwanza likitikisika, la pili hutikisika nalo.

Kuzijua kazi za fungu la kwanza, linganisha sehemu ya wafanyakazi wa sekta katika kaunti na sehemu yake katika nchi nzima. Tuseme, kwa kujifunza tu, wavuvi ni asilimia 12 ya wafanyakazi wa kaunti na asilimia 2 ya wafanyakazi wa nchi. Kumi na mbili ukigawanya kwa mbili ni sita. Jibu likizidi moja kwa mbali, sekta hiyo inauza nje ya kaunti.

Tuendelee na nambari za kujifunzia. Ikiwa kazi zote ni 25,000 na za fungu la kwanza ni 10,000, kila kazi moja ya kwanza inabeba jumla ya kazi mbili na nusu. Bandari ikileta kazi 400 za kudumu, tarajia 1,000 kwa jumla. Sasa uliza ni nani atakayezipata. Tuseme vijana wa hapa wanapata 600 na wageni 400. Kaya ya wageni ikiwa na wafanyakazi mmoja na nusu kwa wastani, hizo ni kaya 267, na kwa watu 3.7 kila kaya ni karibu watu 990. Wenyeji wakipata 900, wageni ni watu 250 tu. Kwa hiyo chuo cha ufundi kinachofundisha uendeshaji wa kreni na uchomeleaji ni uamuzi wa idadi ya watu pia, na afisa wa elimu na afisa wa mipango wanapaswa kuketi meza moja.

Mambo mawili ya kuangalia sana. Kazi za ujenzi si kazi za kudumu. Bandari ya Lamu imepangiwa gati 32. La kwanza lilifunguliwa Mei 2021, na matatu ya mwanzo ndiyo yaliyojengwa kwanza. Watu waliokuja kumwaga zege hawabaki wote zege likikauka. La pili ni kutoa pamoja na kujumlisha. Uchimbaji wa kina cha bahari uliwaathiri wavuvi, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mpango unaohesabu kazi zinazoingia bila kuhesabu zinazotoka ni mpango unaomsahau mwenye mji.

Hatua ya 5: Geuza watu kuwa ndoo na nyumba

Diwani hapigii kura asilimia. Mwambie lita. Ukichukua lita 50 kwa mtu kwa siku, ile tofauti ya watu 17,700 baina ya njia mbili za Hatua ya 3 ni zaidi ya lita 880,000 kila siku. Ongezeko la watu 60,000, lile la njia ya kasi, likigawanywa kwa 3.7 ni nyumba 16,200. Fanya vivyo hivyo kwa chekechea ukitumia idadi ya watoto wa miaka minne na mitano, na kwa wodi ya uzazi ukitumia wanawake wa umri wa kuzaa.

Kisha linganisha na kilichopo leo, wadi kwa wadi. Pengo ndilo orodha yako ya miradi.

Hatua ya 6: Kwenye ramani, anza na pasipojengwa

Wengi huanza kwa kuchora mitaa mipya. Anza na maji. Mji wa Lamu hunywa maji yanayohifadhiwa chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Mvua huzama mchangani, huelea juu ya maji ya chumvi, na watu huyachota. Ukijenga juu ya vilima umefunika mdomo wa mtungi, na ukichota kuliko mvua inavyorudisha, chumvi hupanda. Paka eneo hilo rangi ya marufuku kabla ya kitu kingine chochote. Kisha mikoko, ambayo zaidi ya nusu ya ile ya Kenya nzima imo Lamu, nayo ni mazalio ya samaki na kamba. Kisha Mji Mkongwe, ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001, ambao hauwezi kubeba maghorofa ya kupokea wageni wapya. Kisha njia za mifugo na mahali pa kuanika nyavu, maana hivi havina hati na ndivyo vinavyopotea mwanzo.

Kinachobaki ndicho cha kujenga, na kwa sehemu kubwa kiko bara, upande wa Mokowe na Hindi. Hapo tenga mapema njia za barabara, bomba na mitaro, viwanja vya shule na makaburi. Tangazo la mradi mkubwa hupandisha bei ya ardhi kabla hata tingatinga halijafika. Eka ya shule usiyoitenga leo utainunua kwa bei ya hoteli.

Hatua ya 7: Peleka barazani kabla hujaipenda kazi yako

Peleka rasimu, si kitabu kilichojaladiwa. Nenda na ramani kubwa ya karatasi, uitandaze chini, uwaache watu waisogelee. Mara moja, kwenye kisiwa kimoja, bibi mmoja alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, wewe wahesabu watu tu. Hesabu na visima vilivyogeuka chumvi." Akavitaja vitatu kwa majina. Hata kimoja hakikuwa kwenye ramani yangu.

Ratiba ya baraza ifuate kalenda ya fedha: mpango wa mwaka hupelekwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha 28 Februari, na makadirio ya bajeti 30 Aprili. Baraza la mwezi Mei ni la kuwaarifu watu yaliyokwisha amuliwa. Liitishe Julai.

Hatua ya 8: Hesabu kila mwaka, usingoje sensa

Sensa huja mara moja kwa miaka kumi. Katikati yake tumia alama ndogo: watoto walioandikishwa chekechea, dozi za chanjo ya surua, maunganisho mapya ya maji, mita za umeme, vibali vya ujenzi. Weka kila alama kwa wadi, kwenye jedwali moja, kila Juni.

Na kwa Lamu ongeza hesabu ya jeti, yaani gati la boti za abiria. Chagua wiki moja isiyo na Maulidi wala likizo ya shule, uweke vijana wawili pale Mokowe kuanzia boti ya kwanza hadi ya mwisho, wahesabu wanaovuka kwenda na wanaorudi. Mwaka unaofuata rudia wiki ile ile. Idadi ikikua kwa kasi kuliko njia yako ya juu kwa miaka miwili mfululizo, fungua upya Hatua ya 3.