Mabaki ya Uzi na Mapambo Madogo ya Kroshia

Mabaki ya uzi wa sweta yasiyotosha hata kofia ya mtoto hutosha kabisa kufumia tufe dogo la kuning'iniza mlangoni, mradi nyuzi zote za pambo moja ziwe na unene unaolingana. Tumia sindano ya kroshia iliyo ndogo kuliko uliyozoea, kwa mfano ya milimita 2.5 badala ya 3.5, ili mishono ibanane na sufi ya kujazia ndani isichungulie nje. Anza na mishono 6 katika duara, kisha 12 mzunguko wa pili, kisha 18 wa tatu. Fuma mizunguko michache bila kuongeza, halafu upunguze kwa utaratibu huohuo. Jaza sufi kidogo kidogo tundu lingali linapitisha kidole. Vipande vya uzi uliokatwa navyo hujazia vizuri, ila vile vyeusi (nami nilijuta) huonekana ndani ya pambo jeupe.