Umeumia kwenye bodaboda: namna ya kuandaa madai ya fidia (Kenya)

Mtu akivunjika mguu kwenye bodaboda, ndugu zake huja wakiuliza: wakili mzuri ni nani? Mimi huwauliza mengine mawili kwanza. Pikipiki ni ya nani? Na bima yake ilikuwa hai siku ile? Wakili awe hodari vipi, bila majibu ya hayo mawili atakuandikia barua tamu, na barua hailipi bili ya hospitali.

Mimi si wakili. Ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea huku Pwani, kazi yangu kubwa ni kupanga karatasi za watu. Mengi yaliyo hapa chini yametokana na faili ya mama mmoja wa Mtwapa, muuza samaki, aliyevunjika mfupa wa muundi akiwa abiria. Sheria ninazozitaja ni za Kenya. Ukiwa Tanzania au Uganda, njia ni nyingine.

Hatua ya 1: Polisi

Ripoti kwenye kituo kinachosimamia mahali pa ajali, si kituo cha mtaani kwenu. Sheria ya Trafiki inamtaka mwendeshaji aripoti ndani ya saa 24, lakini usimtegemee. Ukiwa umelazwa, mtume ndugu. Asitoke kituoni bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, na jina la askari aliyekabidhiwa faili.

Baadaye utahitaji fomu ya P3, ambayo polisi hujaza sehemu yao na daktari sehemu yake, pamoja na abstrakti ya ajali, yaani muhtasari wa ajali unaotolewa na polisi. Ukiambiwa utoe "ya karatasi", omba risiti kwa upole. Mara nyingi mazungumzo huishia hapo.

Abstrakti ikiwa imeandikwa PUI, yaani uchunguzi unaendelea, usihangaike. Kesi ya fidia ni ya madai, haingoji mtu afungwe kwanza.

Hatua ya 2: Hospitali

Weka kila karatasi: muhtasari wa kuruhusiwa, kadi ya kliniki, picha za eksirei zenyewe, risiti za dawa, za magongo, za teksi ya kwendea kliniki. Fidia ina mafungu mawili makubwa. Maumivu na ulemavu hukadiriwa na hakimu. Gharama ulizotoa lazima zitajwe moja moja kwenye hati ya madai na zithibitishwe. Gharama isiyo na risiti mahakamani ni hadithi.

Risiti za duka la dawa, zile za karatasi laini inayoteleza, hufifia. Kesi itakapofika kusikizwa utakuwa umeshika kikaratasi cheupe. Zitolee nakala siku hiyo hiyo, nakala ya mashine. Picha ya WhatsApp iliyopita simu tano siihesabu kuwa nakala.

Hatua ya 3: Pikipiki ni ya nani?

Hii ndiyo hatua inayokula siku, kwa hiyo nitakaa hapa.

Namba ya pikipiki Kenya huanza na KM, kisha herufi mbili, tarakimu tatu na herufi ya mwisho. Zile herufi mbili za katikati zikipinduliwa, umemshtaki mtu mwingine kabisa. Kwenye abstrakti ya yule mama palipaswa kuwa F kisha E, pakaandikwa E kisha F. Mengine yote yalikuwa sawa: tarehe, barabara, jina la mwendeshaji, hata umri wake. Ndiyo maana hakuna aliyeitilia shaka mpaka tulipotafuta rekodi na kuletewa pikipiki ya rangi nyingine, ya kampuni nyingine, ya mtu anayeishi mbali na Pwani ambaye hajui lolote.

Kwa hiyo fanya hivi, na ufanye mapema:

Kwanza, nenda kituoni pikipiki ikiwa bado imezuiliwa. Ikishachukuliwa na mwenyewe umeikosa. Piga picha ya namba ya nyuma, ya cheti cha bima kama kipo (wengi hukikunja chini ya kiti), na ya namba ya chesisi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu, hapo usukani unapoingia. Futa tope kwanza. Picha ya chesisi ndiyo inayomaliza ubishi wote, na ndiyo ambayo hakuna anayeikumbuka.

Pili, ingia eCitizen kwa akaunti yako, fungua huduma za NTSA (mamlaka ya usafiri inayoandikisha vyombo vya moto), uombe rekodi ya pikipiki kwa namba yake. Ada hulipwa kwa simu. Utapata karatasi yenye jina la mmiliki, kampuni iliyounda, rangi na chesisi. Linganisha chesisi na picha yako, tarakimu kwa tarakimu. Nashauri uifanye mwenyewe. Wale wa saiba, maduka ya intaneti, si wabaya, lakini wao hawana habari kama namba ni sahihi au la. Wakishachapa na kukukabidhi, kwao imekwisha.

Tatu, abstrakti ikiwa na kosa, irudishe ilikotoka. Lete picha na rekodi ya NTSA, uombe wafungue OB na kuandika abstrakti mpya. Usikubali kufutiwa kwa wino mweupe na kuandikiwa juu yake. Wakili wa bima akiona wino mweupe ameshapata swali la kwanza la kumuuliza shahidi wako. Tulizungushwa sana juu ya hili: njoo kesho, mwenye faili yuko kortini, mwenye faili amehamishwa. Kilichotusaidia ni barua fupi kwa OCS, mkuu wa kituo, yenye nambari ya OB, na nakala yake kugongwa muhuri wa kupokelewa pale mapokezi. Karatasi yenye muhuri hujibiwa upesi kuliko mtu aliyekaa kwenye benchi.

Sasa umepata jina, lakini jina la kwenye rekodi mara nyingi si la mtu anayeimiliki pikipiki leo. Ziko hali tatu ninazokutana nazo. Pikipiki imeuzwa na haikuhamishwa jina. Au imenunuliwa kwa mkopo, na rekodi ina jina la mkopeshaji pamoja na la mnunuzi. Au mwenyewe ameikodisha kwa kijana anayemletea hesabu kila jioni. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki kinasema aliyeandikishwa ndiye mmiliki mpaka ithibitishwe vinginevyo. Maana yake ni kwamba yeye anaweza kuja na hati ya mauzo akajitoa, nawe ukabaki mikono mitupu kama ulimshtaki peke yake. Mwambie wakili awaunganishe wote: aliyeandikishwa, aliyenunua na aliyeendesha. Mahakama ya Rufaa ilishasema mwaka 2013 kwamba abstrakti isiyopingwa yatosha kuonyesha umiliki. Kweli, lakini neno la kuangalia hapo ni "isiyopingwa", na kampuni za bima zinapinga. Kuwa na zote mbili, abstrakti na rekodi ya NTSA.

Na kama bodaboda iligongwa na gari, tafuta rekodi ya gari pia. Abiria wa nyuma hana haja ya kuamua kati ya waendeshaji wawili nani mkosaji. Anaweza kuwashtaki wote, mahakama ikawagawia lawama.

Hatua ya 4: Bima

Bima ya kumlinda mtu wa tatu ni lazima kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 405, na kiwango cha juu inachomlipia mtu mmoja ni shilingi milioni 3. Hakiki cheti kwenye mfumo wa DMVIC, ambao ndimo vyeti vya bima vya Kenya hutolewa siku hizi kidijitali. Tazama tarehe za kuanza na kuisha. Waendeshaji wengi hukata bima ya mwezi mmoja mmoja, na ajali ina tabia ya kuangukia kwenye pengo. Tazama pia aina ya bima: ya matumizi binafsi au ya kubeba abiria. Ikiwa ni ya binafsi nawe ulilipa nauli, tarajia kampuni kukimbilia hapo ili isilipe.

Notisi kwa kampuni ya bima itumwe kabla kesi haijafunguliwa, na ushahidi wa kupokelewa uwemo kwenye faili. Kuna walioshinda kesi, kisha kampuni ikakataa kulipa kwa sababu ya notisi.

Bima isipokuwepo bado una haki ya kumshtaki mmiliki. Lakini pima ana nini. Wakati mwingine makubaliano ya maandishi mbele ya mwenyekiti wa stage (kituo cha bodaboda), ya kulipa kidogo kidogo, yana faida kuliko hukumu ya kutundikwa ukutani.

Hatua ya 5: Wakili

Usiweke sahihi yoyote ukiwa kitandani wodini. Yule kijana mwenye bahasha anayejua jina lako kabla hujamwambia ni dalali, na wakili anayewatuma madalali sitampa mtu wangu hata kama ni bingwa. Tafuta jina kwenye orodha ya LSK, chama cha mawakili Kenya, mtandaoni uone kama ana leseni ya mwaka huu. Mimi hupendelea mwenye ofisi karibu na mahakama itakayosikiza kesi, maana wa Nairobi atakutumia makarani.

Akikwambia "hulipi kitu, tutagawana tukishinda", jua kwamba Sheria ya Mawakili haiyatambui mapatano ya malipo yanayotegemea ushindi. Dai mapatano yaliyoandikwa, yenye kiasi. Usipomudu, nenda kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa kwa sheria ya 2016, au Kituo cha Sheria, ambacho kina ofisi Mombasa pia.

Hatua ya 6: Kufungua kesi

Una miaka 3 tangu siku ya ajali. Gari likiwa la serikali ni miezi 12 tu. Aliyefariki, familia huchukua kwanza kibali cha mahakama cha kusimamia kesi kwa niaba yake.

Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na hutakiwa kuamua ndani ya siku 60. Inavutia, ila majaji wa Mahakama Kuu wametofautiana kama majeraha ya ajali yanaingia humo. Mwulize wakili mahakama ya kwenu inafuata upande gani.

Kama hukuvaa helmeti au mlibebwa mshikaki (abiria zaidi ya mmoja), sema ukweli tangu mwanzo. Fidia inaweza kupunguzwa kwa hilo, lakini uongo ukigundulika utapoteza zaidi ya hicho kilichopunguzwa.

Kujua dai lako linafikia ngapi, tafuta jeraha lako kwenye tovuti ya Kenya Law. Hukumu zinasomwa bure. Soma zile za miaka ya karibuni, za mfupa ule ule.

Hatua ya 7: Voucha na pesa

Bima ikikubali kulipa italeta voucha ya kukiri malipo. Ukiitia sahihi, umeyafunga madai. Isome kwa lugha unayoielewa, tazama kiasi, toa nakala kabla hujairudisha. Hundi kwa kawaida huenda kwa wakili, kwa hiyo kiasi kilicho kwenye voucha ndicho cha kulinganisha na utakachopewa mkononi, pamoja na hesabu ya makato iliyoandikwa. Zisipolingana na simu zikawa hazishikwi, andikia Tume ya Malalamishi dhidi ya Mawakili, uambatanishe ile nakala ya voucha na mapatano yenu ya ada.