Kitenzi cha Kihispania: shika mkia wake

Naongoza wageni Msitu wa Jozani, Unguja. Kitenzi cha kwanza nilichokishika barabara ni mirar, kutazama, kwa sababu ndicho ninachokitumia kutwa: kima punju wale kule juu, ¡mira!

Kata -ar. Unabaki mzizi, mir-, kama tazam- ya kwetu. Sisi nafsi na wakati tunaviweka mbele, ni-na-tazama. Wao wanavibandika nyuma kwa pamoja. Wakati uliopo, kwa mpangilio wa mimi, wewe, yeye, sisi, ninyi, wao: miro, miras, mira, miramos, miráis, miran. Miráis ni ya Hispania. Mexico na Amerika ya Kusini wanatosheka na miran.

Uliopita uko wa namna mbili. Jambo lililokwisha, nilitazama: miré, miraste, miró, miramos, mirasteis, miraron. Lililokuwa likiendelea, nilikuwa nikitazama: miraba, mirabas, miraba, mirábamos, mirabais, miraban. Hapa ulimi wetu unateleza. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, basi miró inatutoka miro, na "alitazama" inageuka "natazama". Mama mmoja wa makamo kutoka Sevilla alinigongea meza kwa kidole, mi-RÓ, mi-RÓ, mpaka sikio likashika. Nawe gonga meza.

Ujao usikate kitu. Chukua mirar nzima, ongeza -é, -ás, -á, -emos, -éis, -án: miraré, nitatazama. Ukiongeza -ía umepata -nge- yetu: miraría, ningetazama.

Sasa lile umbo la kutaka na kuomba, ambalo wanafunzi wengi wanaliogopa. Wewe unalo mdomoni tangu utotoni! Tunasema "nataka utazame", a ya mwisho imekuwa e. Wao: quiero que mires, a imekuwa e vilevile. Mire, mires, mire, miremos, miréis, miren. Ukikataza, usitazame, ni no mires. Kundi zima la wageni naliambia miren, tazameni, na e ipo pande zote mbili. Nilipoliona hilo nilifurahi siku nzima.

Vitenzi vya -er na -ir hapo vinakwenda kinyume, vinapokea a: comer (kula), coma, vivir (kuishi), viva. Viva tunayoisikia mikutanoni ndiyo hiyo, "aishi".

Kesho chukua hablar, kusema, na uanzie hapo: quiero que hables, nataka useme.