Kabla ya Kununua Kompresa ya Karakana ya Nyumbani Nairobi

Ukiingia duka la vifaa Kirinyaga Road au Industrial Area ukasema unataka kompresa, muuzaji atakuuliza kwanza: ya lita ngapi? Swali hilo linakupoteza njia. Tangi ni ghala tu, halitengenezi upepo. Kinachoamua kama mashine itakufaa ni hewa inayosukumwa na pampu kila dakika, na kiasi hicho huwezi kukitaja kabla hujajua utaendesha kifaa gani.

Kwa hiyo anza na kifaa kinachokula upepo mwingi kuliko vingine vyote utakavyotumia. Kujaza magurudumu, kupuliza vumbi na kupiga misumari midogo ya mbao hakudai makubwa. Lita 60 kwa dakika zinatosha. Spana ya upepo ya nusu inchi, ile ya kufungulia nati za gurudumu, hula lita 120 hadi 140, ila kwa vipindi vifupi, na hapo tangi husaidia. Bunduki ya rangi ya HVLP, yaani inayopuliza hewa nyingi kwa presha ndogo, ni habari nyingine: nyingi hutaka lita 230 hadi 400 mfululizo, na mashine ya msasa ya upepo haiko mbali na hapo. Kusafisha chuma kwa kupuliza mchanga usahau kabisa kama una stima ya kawaida ya nyumbani. Ukishapata namba yako, iongeze kwa thuluthi moja ili mashine ipate kupumzika. Vibandiko vingi huandika CFM, yaani futi za ujazo kwa dakika. Moja ni sawa na lita 28.3 kwa dakika.

Kibandiko chenyewe ni cha kusomwa kwa mashaka. Mara nyingi kinataja hewa inayomezwa na pistoni kwa hesabu, wala si ile inayotoka mwisho wa paipu. Kwa kompresa ndogo, inayotoka huwa kama asilimia 60 hadi 70 ya hiyo. Halafu kuna Nairobi yenyewe. Sehemu kubwa ya jiji iko kati ya mita 1,600 na 1,800 juu ya bahari, na presha ya hewa hapa ni kama asilimia 82 ya ile ya Mombasa. Kila pigo la pistoni linameza hewa nyepesi zaidi. Mashine iliyoandikwa lita 200 inaweza kukupa 130 ukiwa pwani, na kama 107 ukiwa Kasarani. Zaidi ya hayo, kufikia presha ya bar 8 pwani ni kuibana hewa mara 9. Hapa ni karibu mara 11, kwa hiyo kichwa cha pampu kinachemka zaidi. Nazo mota nyingi zimepimwa kwa matumizi ya hadi mita 1,000, kwa kuwa hewa nyepesi hupoza vibaya. Mashine inayoruhusiwa kufanya kazi nusu ya muda, hapa iache ipumzike zaidi ya nusu.

Dawa ya mashaka yote haya ni kupima dukani. Mwaga maji ya tangi, funga bomba la kutolea, washa. Sindano ya geji ikigusa bar 4 anza kuhesabu kwa simu, ikigusa bar 8 simamisha. Zidisha lita za tangi kwa 4, kisha gawanya kwa dakika. Tangi la lita 50 lililochukua sekunde 90 ni lita 200 kwa dakika moja na nusu, yaani 133 kwa dakika. Spana itaendeshwa, bunduki ya HVLP haitaendeshwa. Umepimia Nairobi, kwa hiyo usipunguze tena kwa ajili ya mwinuko. Muuzaji akikataa kuiwasha, maduka ni mengi.

Mashine ambazo mota imeunganishwa moja kwa moja na pampu ni nafuu na nyepesi, lakini huzunguka kama mara 2,800 kwa dakika, hupiga kelele na huchoka mapema. Ile ambayo mota huzungusha pampu kwa mkanda huzunguka taratibu, hupoa vizuri, na mafundi wa mjini wanaijua hadi ndani. Kama una nafasi na utapaka rangi, nunua ya mkanda. Isiyotumia mafuta inafaa kwa kazi ndogo tu. Ya mafuta itilie mafuta ya kompresa yenye uzito wa ISO 100, badala ya 20W-50 ya gari: viungo vya kusafisha injini vilivyomo hushikilia maji na kuacha masizi kwenye vali.

Stima ndiyo inayoua kompresa nyingi. Mota ya HP 2 huvuta kama ampea 9 au 10 ikikimbia, lakini inapoanza huvuta mara tano au zaidi kwa muda mfupi. Ukiilisha kupitia ekstensheni nyembamba ya mita 20, volti zinashuka, mota inanguruma bila kuzunguka, na kapasita inaungua. Refusha paipu ya upepo, usirefushe waya. Ya HP 3 tayari imefika ukingoni mwa plagi ya ampea 13, na plagi hiyo inaweza kuanza kuyeyuka. Mwite fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, akuvutie waya wake pekee wa milimita 2.5 za mraba wenye sakiti breka ya ampea 20, aina ya C, inayovumilia mshtuko wa kuanza. Waya wa ardhi (earth) uwe umefungwa.

Stima ikipotea kompresa ikiwa inajaza, zima swichi ya presha papo hapo na usikilize ule mlio wa hewa ikitoka. Usipozima, hewa inabaki imebanwa juu ya pistoni, na stima ikirudi mota inalazimika kuanza ikiwa na mzigo.

Kwa mashine za mtumba soma volti kabla ya bei. Za Japani huwa 100. Za Uingereza kwa kawaida zinafaa, isipokuwa zile za maeneo ya ujenzi zenye plagi ya mviringo ya manjano, ambazo ni 110. Tangi ligonge upande wa chini, kwa kuwa kutu hulila kutokea ndani. Lililochomelewa kiraka, au lililoundwa kutokana na mtungi wa gesi, liache lilipo hata ukipewa bure. Likipasuka halivuji, linalipuka.

Jirani naye ahesabiwe. Kanuni za kelele za 2009, zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira, zinaweka desibeli 50 mchana na 35 usiku nje ya makazi, ilhali kompresa ya moja kwa moja hupita 85 ukiwa kando yake. Ukiifungia kwenye kibanda, acha matundu makubwa ya hewa, la sivyo itajichemsha yenyewe.

Maji yatakuja tu, hasa mvua za Machi hadi Mei. Kichujio cha maji kikikaa kwenye mdomo wa tangi hakisaidii sana, kwa sababu hewa bado ni moto na maji yamo ndani yake kama mvuke. Ipe mita kadhaa za bomba ipoe kwanza, bomba liiname kidogo kuelekea kwenye bomba la kumwagia, na kila tawi lichomoze kutoka juu ya bomba kuu. Tumia GI, yaani bomba la chuma lililopakwa zinki. PVC ya maji hupasuka vipande vyenye makali. Paipu ya mkono iwe na kipenyo cha ndani cha milimita 10 kwa kazi ya rangi. Ya 8 inatosha kwa mengine. Kila jioni fungua kizibo cha chini ya tangi, na mara moja kwa mwezi vuta pete ya vali ya usalama tangi likiwa na presha, uhakikishe haijaganda.