Umechaguliwa Mlimani na UDOM: Namna ya Kuamua Kabla ya Kuthibitisha

Matokeo ya Kidato cha Sita yakishatoka na dirisha la udahili likafungwa, nyumba nyingi hapa Dodoma hupata furaha yenye mzigo ndani yake: kijana amechaguliwa na vyuo viwili kwa mpigo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wengi tunakiita Mlimani, na Chuo Kikuu cha Dodoma, yaani UDOM. Kwa kuwa mwombaji hutuma maombi moja kwa moja katika kila chuo anachokitaka, jambo hili ni la kawaida, lakini Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania humtaka athibitishe chuo kimoja tu, ndani ya siku chache zilizotangazwa. Nimewafundisha vijana wa umri huu kwa miaka mingi, na kosa ninalolikuta mara kwa mara ni kupima jina la chuo badala ya kupima programu.

Jina lina uzito wake, sikatai. Mlimani ilianza 1961 kwa kitivo cha sheria na ikawa chuo kikuu kamili 1970, ilhali UDOM ilianzishwa 2007, na mzazi anayemsukuma mwanawe kwenda Mlimani mara nyingi ni yule ambaye, alipomaliza shule yeye, UDOM haikuwepo. Lakini umri wa chuo hauelezi namna somo lako wewe linavyofundishwa leo.

Kwa hiyo anza na mtaala. Tafuta orodha ya kozi za lazima za programu zote mbili, ziweke mezani na uzisome mwaka kwa mwaka, kwa kuwa programu mbili zenye majina yanayokaribiana huweza kutofautiana sana: moja ikawa ya miaka mitatu na nyingine minne, moja ikaegemea hesabu na nyingine ikaegemea kazi za maabara. Angalia pia mahali hasa utakaposomea. Kijana aliyechaguliwa kusoma kompyuta katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam atajikuta Kijitonyama, iliko Ndaki ya TEHAMA (ndaki ni sehemu ya chuo kikuu yenye masomo yake), wala si kwenye kile kilima anachokiona katika picha. Na wa UDOM atakuwa katika eneo kubwa ambamo mtu mwenye haraka hatoki ndaki moja hadi nyingine kwa miguu. Ikiwa unasomea taaluma yenye bodi ya usajili, kama uhandisi au udaktari, hakikisha kwamba programu uliyopewa inatambuliwa na bodi hiyo.

Baada ya mtaala, fikiria mafunzo kwa vitendo, ambayo wanafunzi huyaita fildi. Dar es Salaam ina bandari, viwanda na makao makuu ya benki. Dodoma ina Bunge, wizara zilizohamia Mji wa Serikali wa Mtumba, na Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyo jirani na chuo. Kwa anayesomea utawala wa umma, mimi ningempeleka UDOM bila kusitasita. Kwa anayesomea biashara ya kimataifa au mambo ya bandari, ningemwambia apande treni. Umbali usikutishe, maana tangu 2024 reli ya SGR imeifanya safari ya Dodoma na Dar es Salaam kuwa ya saa nne hivi.

Suala la fedha linahitaji ukweli zaidi kuliko matumaini. Fedha ya chakula na malazi inayotolewa na Bodi ya Mikopo ilipandishwa 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na kiwango hicho hakibadiliki kwa sababu ya mji unaosoma, ingawa kodi ya chumba na nauli za daladala hutofautiana. Uliza kama wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanapata nafasi hosteli, na kama hawapati, chumba karibu na ndaki yako kinapangishwa kwa kiasi gani. Familia za hapa mjini huhesabu kwamba mtoto akisomea UDOM atalala nyumbani na gharama itapungua. Sikubaliani sana na hesabu hiyo kwa anayeishi Nkuhungu, kwa sababu atatumia saa nyingi barabarani, na akirudi jioni atakuta kazi za nyumbani zinamsubiri wakati wenzake wako maktaba.

Kabla ya kuamua, zungumza na mwanafunzi wa mwaka wa pili wa programu ileile katika kila chuo, si ndugu aliyesoma kitu kingine. Mwulize alikaa saa ngapi maabara muhula uliopita, na fildi alifanyia wapi.

Uthibitisho hufanywa kwa namba maalumu ya siri, inayotumwa kwa simu au baruapepe uliyoitumia kuomba. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa ameomba kwa laini ya mjomba wake, na namba ilipofika mjomba alikuwa safarini mahali pasipo na mtandao. Alithibitisha zikiwa zimebaki saa chache. Tumia laini yako mwenyewe, wala usimpe mtu yeyote namba hiyo. Ukishathibitisha, ingia tena katika akaunti yako uone kama mfumo umeandika chuo ulichokikusudia, kisha mjulishe mzazi siku hiyohiyo ili aanze kutafuta nauli na godoro.