Kuhamia Japani Mkiwa Wawili: Mwongozo kwa Wanaotoka Kisumu, Nakuru na Magharibi

Mmoja wenu akipata kazi au nafasi ya chuo kikuu Japani, mwenzake huingia kama mtegemezi, na utegemezi huo husimama juu ya cheti cha ndoa. Hapa ndipo wengi wa kwetu hukwama. Mmeishi pamoja miaka 10, watoto mnao, ayie (malipo ya kwanza ya posa kwa Wajaluo) ilishatolewa, ng'ombe walishafika kwa wakwe, lakini afisa wa uhamiaji kule hana namna ya kuyaona hayo. Sheria ya Ndoa ya 2014 inaruhusu ndoa ya kimila isajiliwe, kwa hiyo hiyo ndiyo kazi ya kwanza, kabla hata ya kuulizia tikiti za ndege. Hakikisheni majina kwenye cheti yanalingana herufi kwa herufi na ya pasipoti. Achieng' wa cheti na Achieng wa pasipoti huleta maswali yasiyo na sababu.

Jueni pia kwamba si kila kibali kinaruhusu familia. Mwanagenzi wa mafunzo ya ufundi na mfanyakazi mwenye ujuzi maalum wa daraja la kwanza hawaruhusiwi kuleta mke au mume. Ajenti akikuahidi vinginevyo, usimpe pesa.

Mwenye kazi au masomo ndiye anayeomba Cheti cha Ustahiki (COE), karatasi ya kumwezesha mwenzake kuomba viza, katika ofisi ya uhamiaji ya Japani. Kwa kawaida majibu huchukua mwezi mmoja hadi mitatu. Kikitoka, kinadumu miezi 3, na ndani ya muda huo mwenzake anapaswa kuwa ameshapata viza ubalozini Nairobi na kuingia Japani. Msikiache kikae kabatini mkingoja msimu wa nauli nafuu.

Mizigo

Sufuria za alumini ziacheni nyumbani. Baadhi ya nyumba za Japani zina jiko la IH linalopasha chombo kwa sumaku, na alumini haipati moto juu yake. Chukueni mwiko. Stima ya kule ni volti 100, yetu ni 240, kwa hiyo birika la umeme kutoka Kenya hutoa chini ya moja ya tano ya nguvu yake. Chaja ya simu iliyoandikwa 100–240V haina shida, inahitaji tu adapta ya pini mbili bapa. Nyama ya aina yoyote, hata iliyokaushwa, na maembe mabichi huzuiwa uwanjani. Dawa za kuandikiwa na daktari bebeni za mwezi mmoja, zisizo za cheti miezi miwili. Zikizidi hapo zinahitaji kibali kabla ya kusafiri.

Siku 14 za kwanza

Kadi ya ukaazi hutolewa papo hapo kwenye viwanja vikubwa kama Narita, Haneda na Kansai. Mkishapata makao, mna siku 14 za kupeleka kadi zote mbili katika ofisi ya manispaa ili anwani iandikwe nyuma. Nendeni pamoja, mkiwa na cheti cha ndoa na tafsiri yake ya Kijapani, ili muandikishwe kama kaya moja. Siku hiyo hiyo malizeni bima ya afya kwenye kaunta ya jirani. Bima hulipa asilimia 70 ya matibabu, nanyi 30. Kama mwajiri ana bima yake, mtegemezi huingia humo bila mchango wa ziada mradi mapato yake ya mwaka hayatarajiwi kufika yen 1,300,000.

Kisha simu, kisha benki. Ukigeuza mpangilio huu utazungushwa: benki inataka namba ya simu, na kampuni ya simu inataka anwani kwenye kadi. Benki nyingi pia humwekea masharti mgeni ambaye hajafikisha miezi 6 nchini.

Hapo benki ndipo jina lako litaandikwa kwa katakana, herufi za Kijapani za kuandikia majina ya kigeni. Wafula ni ワフラ, hakuna ubishi. Lakini Achieng' anaweza kuwa アチエン au アチエング, na kama benki ina la kwanza na mwajiri ana la pili, mshahara hurudi ulikotoka. Chagueni mwandiko mmoja siku ya kwanza, uandikeni kwenye karatasi, ipigeni picha, na mwonyesheni kila karani picha hiyo hiyo. Wenye majina matatu waulize mapema fomu ina nafasi ngapi, kwa sababu jina refu hukatwa katikati na kila ofisi hulikatia mahali pake.

Mtegemezi hawezi kufanya kazi mpaka aombe ruhusa ya uhamiaji, na akiipata ni saa 28 kwa wiki. Hizo ni saa za vibarua vyote vikijumlishwa, si za kila kibarua. Anayezipita hugunduliwa kupitia rekodi za kodi wakati wa kuongeza muda, na anayekataliwa anaweza kuwa yeye hata kama mwenzake kazi yake ni safi.

Nyumba

Kodi ya mwezi ni sehemu ndogo ya pesa za kuingilia. Kuna dipoziti, kuna zawadi ya mwenye nyumba isiyorudi, kuna ada ya dalali, kuna kampuni ya udhamini, na mwezi wa kwanza wenyewe. Jumla hufika kodi ya miezi 4 hadi 6. Njia nafuu ni nyumba za UR, shirika la umma la nyumba za kupanga, ambazo hazidai zawadi, dalali wala mdhamini. Dipoziti yao ni ya miezi miwili, ila lazima uonyeshe kipato au akiba ya kutosha. Maji na stima huwashwa bila wewe kuwepo, lakini gesi haifunguliwi mpaka fundi aje na akukute ndani. Wekeni miadi siku kadhaa kabla, la sivyo mtaoga maji baridi, na Januari ya kule si ya Kisumu.

Taka ndizo zinazowagombanisha wageni na majirani. Ofisi ya manispaa itawapa kalenda, ibandikeni mlangoni. Taka hutolewa asubuhi ya siku yake, kwa kawaida kabla ya saa mbili, si usiku wa kuamkia, kwa sababu kunguru hupasua mifuko. Miji mingi ina mifuko yake maalum inayouzwa supamaketi, na taka zikiwekwa kwenye mfuko mwingine hubandikwa karatasi na kuachwa pale pale, mbele ya macho ya mtaa mzima. Chupa ya plastiki: toa kifuniko, bandua lebo, suuza, kanyaga. Mafuta ya kukaangia samaki msiyamwage kwenye sinki. Yafyonzeni kwa magazeti au yagandisheni kwa unga unaouzwa dukani, kisha yaende na taka za kuchomwa. Friji, televisheni, kiyoyozi na mashine ya kufulia hazichukuliwi na manispaa kabisa. Kuzitupa ni kulipia, kwa hiyo fikirieni mara mbili kabla ya kupokea friji ya bure.

Chakula

Unga mweupe wa mahindi tafuteni kwenye maduka ya halal. Tokyo, eneo la Shin-Okubo lina mengi. Badala ya sukuma wiki kuna komatsuna, mboga ya majani ya Kijapani iliyo laini zaidi: tia mashina kwanza, majani baadaye, dakika 3 au 4 zinatosha. Omena wapo kwa njia yao. Niboshi ni dagaa waliochemshwa kisha wakakaushwa, na kila supamaketi inao. Toa kichwa na tumbo, maana uchungu uko hapo, loweka kwenye maji moto dakika 10, kaanga na kitunguu na nyanya. Onja kabla ya kutia chumvi.

Safari

JR Pass, tikiti ya treni ya watalii, si yenu. Wakaazi hawaruhusiwi kuitumia. Mbadala mzuri ni tikiti ya Seishun 18, inayouzwa misimu ya likizo: yen 10,000 kwa siku 3 au 12,050 kwa siku 5, treni za kawaida tu, bila Shinkansen, yaani treni ya mwendo kasi. Tangu majira ya baridi ya 2024 siku lazima zifuatane na kila mtu awe na tikiti yake. Maelezo ya zamani yanayosema wawili mnaweza kugawana tikiti moja yatawafikisha getini mkakataliwa. Tokyo hadi Kyoto kwa treni hizo ni kama saa 9, mkibadilisha mara kadhaa. Epukeni mwisho wa Aprili hadi mwanzo wa Mei, katikati ya Agosti, na mwaka mpya, ambapo nchi nzima iko njiani.

Mkiitwa nyumbani ghafla kwa matanga, jambo moja tu msilisahau. Kwenye fomu ya kutokea uwanjani wekeni alama kwenye kisanduku cha kurudi, na mwonyesheni afisa kadi ya ukaazi. Alama hiyo huwapa hadi mwaka mmoja wa kurudi, au mpaka kadi iishe muda kama unaisha mapema. Asiyeiweka huhesabiwa kuwa ameondoka kabisa, na safari yake ya kurudi huanza upya na Cheti cha Ustahiki.