Jinsi ya kuchagua gemu ya RPG (ile unacheza kama mhusika ndani ya stori) kulingana na masaa zako

Kwanza angalia masaa zako, bana. Kama unatoka kazi saa moja na jam ya Thika Road inakufikisha home saa tatu, chukua Final Fantasy X ya 2001, njia karibu ni moja tu, stori inakuvuta, ukisevu leo kesho bado unakumbuka ulikuwa wapi. Skyrim ya 2011 iache mpaka likizo, hiyo joka linachoma mji wa Helgen mwanzo kabisa alafu wewe unapanda mlima kuchuma maua ya dawa na hakuna mtu anakuuliza. Ukitaka zote mbili, stori ya kukuvuta na uhuru wa kuzurura, kuna The Witcher 3 ya 2015, lakini jiwekee sheria, misheni moja ya stori ndio urudi kwa karata za Gwent, mchezo mdogo ulio ndani ya hiyo gemu. Mimi hizo karata zilifanya nisahau kumtafuta Ciri, msichana ambaye stori yote ni ya kumtafuta, wiki mbili.